Shajara ya mradi: sefu ya bunduki ndani ya nyumba ya kawaida, Dar es Salaam

Kazi yenyewe

Nyumba ni ya chini, imejengwa kwa tofali za sementi za inchi sita, ina jamvi la zege na marumaru juu yake. Kinachotunzwa ni shotigani moja ya mitutu miwili, raifo moja yenye darubini, bastola moja na risasi zake. Vyote vina leseni. Mwenye leseni anawajibika kutunza silaha mahali ambapo mtu mwingine haifikii, na ikiibwa maswali ya kwanza ya polisi yatakwenda kwake kabla hayajamfikia mwizi.

Mwizi tunayemfikiria ni yule anayeingia wenye nyumba wakiwa hawapo, akiwa na mtaimbo, nyundo, bisibisi kubwa na pengine grinda ya betri. Hakuna sefu ya nyumbani itakayomzuia mtu huyo usiku kucha. Tunachonunua ni muda. Hata vipimo vya kitaalamu vinahesabu hivyohivyo: alama ya RSC (kasha la usalama la nyumbani) ya Marekani, chini ya kiwango cha UL 1037, katika daraja lake la kwanza maana yake ni kwamba mlango ulihimili dakika 5 za kushambuliwa na mtu mmoja kwa zana za mkono. Dakika 5 ni chache. Kwa hiyo uamuzi wa mwanzo wa mradi huu ni kwamba chuma peke yake hakitoshi. Mahali sefu inapokaa na namna inavyoshikwa na nyumba vitafanya nusu ya kazi, na pengine zaidi.

Kuchagua mahali

Tulikagua sehemu tatu.

Sebuleni hapafai. Kila mgeni na kila fundi wa dishi ataiona.

Stoo ya nyuma ilipendwa na mwenye nyumba kwa sababu haina pilikapilika, lakini ukuta wake ni wa nje. Tofali ya sementi ya mtaani huwa na mchanga mwingi kuliko inavyopasa, na mtu mwenye sululu anaitoboa upesi akiwa uwanjani bila kuingia ndani kabisa. Sefu iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nje mgongo wake umeachwa upande wa mwizi, na mgongo ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Stoo hiyo pia ndimo zilimo zana: mtaimbo, jeki ya gari, grinda na waya wa umeme wa kuongezea. Zana hizo zihamishwe kwenye banda la nje lenye kufuli lake, popote sefu itakapokaa. Wezi wengi hawaji na mzigo; wanatumia walichokikuta.

Tulichochagua ni tundu la kabati la nguo la kujengea, kwenye chumba cha kulala kikuu. Kuta zake tatu zote ni za ndani, na hakuna bafu nyuma yake. Upana sm 72, kina sm 60, na juu liko wazi hadi dari. Milango ya mbao itabaki, kwa hiyo anayeingia chumbani anaona kabati tu.

Kwa nyumba ya ghorofa hesabu ingekuwa nyingine. Sefu ya kilo 200 inayokaa kwenye eneo la sm 55 kwa 50 inasukuma sakafu kama kilo 730 kwa mita ya mraba. Jamvi lililolala juu ya kifusi kilichoshindiliwa haliteteriki kwa uzito huo. Juu ghorofani, iwekwe pembeni karibu na boriti au ukuta unaobeba, wala si katikati ya chumba, na mhandisi aulizwe kabla ya kumwaga zege lolote la ziada.

Kuchagua sefu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tulikaa dukani kwa muda mrefu.

Sefu ndogo za namba, zile za kuwekea pasipoti hotelini, tuliziondoa mara moja. Bunduki ndefu haiingii, na hata kwa bastola hazifai. Nyingi zinafungwa na pini ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme, na pini hiyo huruka ikipata mtikisiko mkali. Nyuma ya kibao cha jina pana tundu la ufunguo wa dharura wenye kitasa dhaifu. Tena nyepesi: mtu mmoja anaitia kwapani na kwenda kuivunjia kwake kwa nafasi.

Za alama ya kidole tulizikataa kwa sababu nyingine. Mwezi Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za bunduki zipatazo 61,000 za Fortress, kwa sababu kabla mtumiaji hajasajili kidole chake, sefu ilikuwa inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Kesi moja ilidai kwamba mtoto wa miaka 12 alikufa kwa bunduki aliyoitoa kwenye sefu mojawapo. Nyumba yenye watoto isiwekewe kitu ambacho usalama wake unategemea mnunuzi kusoma kijitabu hadi ukurasa wa mwisho.

Zilibaki mbili, zote zenye kimo cha sm 150, upana 55 na kina 50, muuzaji akisema zote ni za bamba la milimita 4. Ukubwa huo ulitokana na bunduki zenyewe: shotigani ya mtutu wa inchi 28 ina urefu wa karibu sm 115, na ukiongeza nafasi ya kuinyanyua na kuitoa bila kugonga darubini unahitaji sm 125 za ndani kwa uchache.

Maneno ya muuzaji yanapimika. Chuma cha milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Sanduku la vipimo hivyo lina eneo la mita za mraba 3.7 kwa pande zote sita. Kwa milimita 4, chuma cha ganda peke yake ni kilo 116, kabla hujaweka fremu, makomeo, rafu na kitasa. Karatasi ya sefu ya kwanza ilisema jumla ni kilo 95. Haiwezekani. Ile ya pili ilisema kilo 200: ganda 116, nyongeza ya mlango wa milimita 6 kilo 13, jipsamu ya kuzuia moto kama 33, na zilizobaki ni fremu, makomeo na rafu. Hesabu inakubali.

Baadaye tukathibitisha kwa vernia, kifaa cha kupimia unene. Kingo za mlango hazikuambii kitu, kwa sababu bamba jembamba hukunjwa na kujazwa jipsamu likaonekana nene kama kitabu. Mahali pa kupima ni kwenye matundu ya bolti yaliyotobolewa sakafuni mwa sefu, ambapo chuma kinaonekana kilivyokatwa. Ya kwanza: milimita 1.9. Ya pili: 4.0. Bamba la milimita 2 grinda yenye diski mpya inalipita kwa muda wa kuchemsha chai, na hata mtaimbo mrefu unaweza kulikunja.

Tulivyoangalia kwenye ile ya pili, kwa mpangilio wa umuhimu:

Mwanya kati ya mlango na fremu. Ukiwa milimita 3 au zaidi, ncha ya mtaimbo inaingia. Hii ina milimita 1.5 pande zote, na mlango umezama ndani ya fremu badala ya kukaa juu yake.

Mdomo wa fremu ambao makomeo yanajibana nyuma yake. Wauzaji wanapenda kuonyesha makomeo manene yanayong'aa, ya milimita 25 au 30. Komeo nene likijibana nyuma ya mdomo wa bamba lililokunjwa mara moja, mdomo ndio utakaopinda. Pitisha mkono ndani uushike. Uwe umekunjwa mara mbili au umechomelewa chuma cha pembe. Angalia pia bamba linaloshika makomeo upande wa ndani wa mlango.

Upande wa bawaba. Bawaba zikiwa nje si tatizo, ilimradi upande huo una komeo au ulimi usiotembea unaoingia nyuma ya fremu. Hapo hata bawaba zikikatwa mlango hautoki.

Nyuma ya kitasa pawe na bamba gumu lisilotoboleka kwa biti ya kawaida, na komeo la akiba linalojifunga lenyewe kitasa kikipigwa au kutobolewa. Yote mawili yapo.

Kama bajeti ingeruhusu, tungetafuta sefu yenye kibati cha EN 1143-1, kiwango cha Ulaya cha sefu, Daraja 0 au I, kilichogongwa ndani ya mlango kikiwa na namba ya sefu. Ujerumani tangu Julai 2017 makasha mapya ya bunduki ni lazima yafike Daraja 0. EN 14450 ni hatua moja chini, ikiwa na ngazi mbili, S1 na S2. Kibandiko cha karatasi kilichoandikwa "imethibitishwa" bila kutaja kiwango hakina maana.

Kitasa

Uchaguzi ulikuwa kati ya ufunguo, namba za kuzungusha na namba za kubonyeza.

Ufunguo una ubaya mmoja mkubwa: lazima uwekwe mahali, na mwizi mwenye saa moja atapapata. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya utawala ya Münster, Ujerumani, ilishughulikia kesi ya namna hiyo. Mwenye silaha alikuwa amehifadhi ufunguo kwenye kasha dhaifu, wezi wakaupata na kuchukua bastola. Mahakama ikasema ufunguo nao unapaswa kutunzwa kwa kiwango kilekile cha ulinzi wa kabati lenyewe. Hoja hiyo ina nguvu Dar kama ilivyo na nguvu Münster. Ufunguo chini ya godoro, ndani ya chombo cha sukari au juu ya fremu ya mlango ni sawa na sefu isiyofungwa.

Namba za kuzungusha hudumu miaka mingi na hazina betri, ila zinachelewa kufungua na zinahitaji mkono uliozoea.

Tumechukua ya kubonyeza, lakini kitasa chenyewe ni cha EN 1300, kiwango cha Ulaya cha vitasa vya sefu, daraja B, kilichonunuliwa peke yake na kufungwa badala ya kile kilichokuja na sefu. Akili yake iko ndani ya mlango. Kibao cha nje kina vitufe na betri tu, kwa hiyo kukivunja hakufungui kitu. Ukikosea namba mara kadhaa kinajifungia kwa muda.

Namba ya kiwandani ilibadilishwa mlango ukiwa wazi, ikajaribiwa mara kadhaa mlango ukiwa bado wazi, ndipo ukafungwa. Si mwaka wa kuzaliwa, si namba ya gari, si mwisho wa namba ya simu.

Kuchunguza jamvi

Kabla sefu haijaletwa tulitoboa tundu moja la biti ya milimita 6 katikati ya eneo, ili tujue tunachofungia. Vumbi linaeleza. Marumaru inatoa unga mweupe mkavu, biti inateleza kidogo. Halafu plasta ya kusawazishia: kijivu hafifu, biti inazama kama haijagusa kitu. Kisha zege lenyewe. Drili inaanza kutetemeka mkononi, kokoto zinalia, unga unakuwa wa kijivu kizito. Mwishoni vinatoka vipande vyeusi vya nailoni na mchanga wenye unyevu, maana yake umefika chini.

Vipimo: marumaru na gundi yake mm 14, plasta mm 40, zege mm 100. Marumaru na plasta havihesabiwi kabisa katika kushikilia bolti. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kwenye sefu zilizong'olewa: bolti ya kutanua ya mm 80 imepita kwenye marumaru na plasta, imeuma zege sm 2 tu, na imetoka na bonge la plasta.

Tundu la uchunguzi lilizibwa kwa gundi ya bolti, lisije likawa njia ya maji.

Kuingiza

Sefu ililetwa mchana katika gari lililofunikwa, ikiwa imevuliwa boksi lake. Boksi lenye picha ya sefu likikaa jalalani mwa nyumba linatangaza habari kwa mtaa mzima. Watu walikuwa wanne, haohao mwanzo hadi mwisho, na hakuna picha iliyotumwa kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Mlango ulitolewa kwenye bawaba zake kwanza. Mzigo ukapungua sana na hatari ya mlango kufunguka njiani ikaisha. Njia yote ilitandikwa plaiwudi ya mm 12, sefu ikalazwa chali juu ya mabomba matatu ya inchi moja na kusukumwa polepole, bomba la nyuma likihamishiwa mbele. Kwenye kizingiti tuliweka ubao wa inchi 2 kwa 6 kama daraja. Wakati wa kuisimamisha, watu wawili wanakaa kichwani na wawili wanazuia miguu isiteleze. Hakuna anayeweka vidole chini.

Mkao wake ndani ya tundu ulipangwa kwa sentimita. Mgongo umegusa ukuta wa nyuma, kwa hiyo uso wa sefu umezama sm 10 kutoka mdomo wa tundu. Upande wa kulia, ulio wa mpini na makomeo, uko sm 2 tu kutoka ukutani. Anayetaka kuukwanyua mlango lazima achomeke mtaimbo kwenye mwanya wa kulia na kuusukuma mkia wake kuelekea kulia; ukuta uliotokeza sm 10 unamnyima nafasi hiyo. Upande wa kushoto, wa bawaba, zimebaki sm 15, nafasi inayotosha mlango kufunguka kupita pembe mraba.

Chini tuliweka vipande vya chuma vya mm 2 kwenye pembe, hadi pima maji ikatulia pande zote mbili na mlango ukakaa palepale unapoachwa nusu wazi. Sefu iliyoinama inausukuma mlango ujifunge au ujifungue, na baada ya miezi makomeo yanaanza kukwaruza fremu.

Bolti

Tulikataa bolti za kutanua. Zinashika kwa kusukuma zege pembeni, na jamvi la mm 100 karibu na ukuta linaweza kupasuka. Tumetumia vyuma vya M12 (unene wa mm 12) vyenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, daraja la nguvu 8.8, vilivyozamishwa kwenye gundi maalumu ya zege.

Hesabu ya urefu: ndani ya zege mm 75, plasta na marumaru mm 54, chuma cha kuinulia mm 2, sakafu ya sefu mm 4, bamba la kukandamiza mm 6, nati na nyuzi za kubaki mm 15. Jumla mm 156, tulikata 160. Chini ya bolti zinabaki mm 25 za zege, gundi haivuji kwenda kwenye nailoni.

Matundu manne ya mm 14 yalitobolewa kupitia matundu ya sefu yenyewe, ikiwa imekaa mahali pake, kwa biti ndefu iliyofungwa utepe kwenye mm 135, yaani kuanzia uso wa sakafu ya sefu. Kabla ya drili kuwashwa, kitasa na makomeo vilifungwa kwa nailoni na gundi ya karatasi. Unga wa zege ukiingia kwenye grisi ya makomeo hugeuka msasa.

Tundu la nyuma kushoto liligonga waya wa BRC, yaani wavu wa chuma uliomo ndani ya zege. Dalili yake ni drili kuruka bila kushuka, na unga kukoma. Jamvi la chini halidhuriki kwa waya mmoja wa mm 6 kukatwa, kwa hiyo tulibadilisha biti, tukatumia ya kukatia nondo, na kuendelea palepale. Kwenye jamvi la ghorofani tusingeukata. Tungehamia tundu jingine na kutoboa sakafu ya sefu upya.

Usafi wa tundu ndio unaoamua bolti itashika au la. Pampu ya hewa mara 2, brashi ya waya mara 2, pampu tena mara 2, na kurudia hadi unga usitoke. Gundi ikishika unga badala ya zege, bolti inavutika kwa mkono. Tulikagua pia tarehe ya kuisha kwenye mkebe wa gundi, na kama ulikuwa umekaa dukani juani. Joto huifanya iwe nzito kabla haijafunguliwa. Mibonyezo ya kwanza ilitupwa hadi rangi ikawa moja. Tundu lilijazwa kuanzia chini hadi theluthi mbili, chuma kikafutwa mafuta na kuingizwa kwa kuzungushwa, gundi kidogo ikapanda juu kuashiria kwamba hakuna hewa iliyobaki.

Joto la chumba lilikuwa nyuzi 30, na jedwali la mkebe ndilo lililofuatwa kwa muda wa kusubiri. Hakuna aliyegusa vyuma wakati huo. Kisha juu ya kila kimoja likawekwa bamba la sm 6 kwa 6, unene mm 6, washa na nati, na kukazwa kwa spana ya kupimia nguvu hadi niutoni-mita 40. Mabamba hayo si urembo. Mwizi akiingiza jeki au mtaimbo chini ya sefu, nati yenye washa ndogo inaweza kupasua sakafu ya mm 4 na kubaki imesimama peke yake kwenye zege.

Mwanya wa mm 2 chini ya sefu, upande wa mbele, ulizibwa kwa grauti (uji wa saruji wa kujazia) isiyonywea. Ukiachwa, msumeno wa bamba jembamba unaingia na kukata bolti moja baada ya nyingine.

Zege la pembeni na la juu

Ganda la milimita 4 bado ni chakula cha grinda. Dawa ni kuificha mbavu yake. Nafasi ya sm 15 upande wa kushoto ilijazwa zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa kimo chote cha sm 150 na kina cha sm 50. Ni mita za ujazo 0.11, saruji chini ya mfuko mmoja wa kilo 50. Kokoto zilikuwa ndogo, za nusu inchi, ili zishuke bila kuacha mapango, na nondo nne za mm 10 zilisimamishwa ndani yake.

Zege halikumwagwa kwa mkupuo mmoja. Likiwa bichi lina msukumo mkubwa, na kwa kimo cha mita moja na nusu lingeivimbisha mbavu ya sefu kuelekea ndani, rafu zikakwama na mlango ukakataa kufunga. Tulimwaga sm 50, tukaacha hadi kesho yake, sm 50 nyingine, na ya mwisho siku iliyofuata. Ndani ya sefu zilikaa mbao za kukingia kutoka mbavu hadi mbavu. Kila baada ya kumwaga, makomeo yalijaribiwa.

Upande wa kulia, zile sm 2, ulijazwa grauti laini kwa hatua hizohizo.

Juu kuna kifuniko cha zege cha sm 10, nondo za mm 10 kila sm 15, ncha zake zikiingia kwenye tofali za pande zote mbili. Sasa uso pekee ambao grinda inaweza kuufikia ni mlango wa milimita 6 wenye bamba gumu nyuma ya kitasa.

Kuna mtu aliyeuliza kwa nini bolti zilihitajika kama zege lingezunguka sefu yote. Zege haligandi vizuri kwenye rangi. Bila bolti, sefu ingevutwa mbele kama droo. Na gharama ya uamuzi huu isemwe wazi: sefu hii haitahama tena bila kuvunja ukuta. Nyumba ya kupanga isifanyiwe hivi. Huko ziishie bolti nne, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Unyevu

Dar unyevu wa hewa huzidi asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na zege bichi linatoa maji yake kwa wiki kadhaa. Jipsamu ya ndani nayo inanyonya. Kwa hiyo bunduki hazijaingia bado. Mlango unaachwa wazi mchana, chumba kikiwa na mtu, na kipima unyevu kimewekwa kwenye rafu ya kati. Siku ya mwisho kabla ya kuandika haya kilisoma asilimia 68. Tunataka 50 au chini ikiwa imefungwa.

Humo ndani zitakaa pakiti mbili za silika jeli ya rangi ya chungwa, nusu kilo kila moja. Ikigeuka kijani imeshiba. Inakaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 120 na kurudishwa. Fimbo ya joto ya wati 12 ingefanya kazi vizuri zaidi, lakini umeme ukikatika siku nzima hewa inapoa na maji yanakaa juu ya chuma. Jeli haijali umeme.

Bunduki zisihifadhiwe ndani ya mifuko yake ya ngozi au sponji. Mfuko unashika unyevu na kuubana kwenye mtutu. Zisimame wazi kwenye rafu yenye zulia, zikiwa zimepakwa mafuta mepesi, bila kugusana na mbavu za sefu.

Risasi zina kisanduku chao cha chuma chenye kufuli tofauti, kilichofungwa kwa bolti kwenye rafu ya juu.

Kilichobaki

Kihisi cha mtikisiko kitabandikwa nyuma ya mlango, kiunganishwe na king'ora cha nyumba na kutuma ujumbe kwenye simu mbili. Kipimwe kwa kugonga mlango kwa nyundo ya mpira. Kikilia kwa sababu ya lori barabarani, wepesi wake upunguzwe. Kengele ndiyo inayozipa dakika za sefu thamani, kwa sababu bila mtu wa kusikia, mwizi hana haraka.

Namba za silaha, picha zake na nakala za leseni ziwekwe mahali nje ya nyumba. Zikikaa ndani ya sefu hiyohiyo, siku ya kutoa taarifa polisi hakutakuwa na cha kuonyesha.

Nati nne zitakazwa tena kwa niutoni-mita 40 kabla ya rafu ya chini kurudishwa, maana baada ya hapo hazitafikika bila kutoa kila kitu. Betri ya kitasa, alkalini ya volti 9, itabadilishwa kila mwaka hata kama bado inafanya kazi. Hewa ya chumvi hula ncha zake, na kitasa kikianza kulia mlio wa onyo ni wakati wa kubadilisha siku hiyohiyo. Bunduki zitaingia kipima unyevu kikisoma 50 kwa siku tatu mfululizo, mlango ukiwa umefungwa.